Turbo ya Mtumba na Historia Yake

Uamuzi wa kuhama kutoka gari dogo la kawaida kwenda gari la kasi lenye turbo, hasa lile lililotumika Japani na kisha likatumika tena Nairobi, Arusha au Kampala, mara nyingi hujadiliwa kwa kulinganisha bei ya gari linalouzwa na ya lile linalonunuliwa, ilhali bei ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika hesabu nzima. Gari lisilo na turbo husamehe mengi: mwenyewe akichelewa kubadilisha oili, au akizima injini ghafla baada ya kupanda mlima mrefu, madhara yake kwa kawaida huwa madogo na huchukua miaka kuonekana. Injini yenye turbo haina ustahimilivu huo, na kila uzembe iliotendewa hubaki ndani yake, mahali ambapo jicho halifiki, hadi siku ambapo mtu mwingine kabisa ndiye aliyeshika usukani. Mnunuzi wa gari la namna hii hupokea, pamoja na bati, viti na rimu, tabia za watu watatu au wanne waliomtangulia, na jibu la swali lake hutegemea zaidi kiasi anachoweza kuzijua tabia hizo kuliko kiasi cha fedha alicho nacho.

Turbo ni kifaa chenye magurudumu mawili madogo ya mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza husukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini kuelekea ekzosti, nalo la pili, kwa kuwa linazungushwa na mhimili huohuo, hufyonza hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda, ili hewa ikiwa nyingi petroli nayo iongezwe na nguvu ipatikane bila kuikuza injini yenyewe. Wazo hili ni la zamani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905, na magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa nalo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, yalitoka Marekani mwaka 1962. Hewa inaposhindiliwa hupata joto, na hewa ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo kati ya turbo na injini huwekwa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Tundu kubwa lililo juu ya boneti ya Subaru nyingi za turbo, ambalo wengi hulidhani pambo, lipo kwa ajili ya kukipelekea upepo. Lakini jambo la kushika kuliko yote ni kwamba mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ilhali injini yenyewe haizidi 7,000 au 8,000, na kinachouzuia mhimili huo usisagane na beringi zake ni utando mwembamba wa oili. Hasara kadhaa zitakazoelezwa hapa chini chanzo chake ni kukatika kwa utando huo.

Manufaa ya turbo, kwa upande mwingine, hayalingani kila mahali. Nairobi imekaa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa, hivyo injini ya kawaida iliyotengenezwa kutoa nguvu za farasi 110 hubaki na takribani 90 tu. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi na kushindilia hewa nyepesi hadi ifikie shinikizo linalotakiwa, na ndiyo sababu dereva wa Eldoret, Mbeya au Njombe huiona tofauti kati ya magari haya mawili kuwa kubwa kuliko anavyoiona dereva wa Dar es Salaam, ambako hewa ni nzito na barabara ni tambarare. Fidia hiyo ina gharama yake, kwa kuwa turbo inayozunguka zaidi hupata joto zaidi na hudai oili safi zaidi. Hata hivyo ni haki kusema kwamba mkazi wa pwani anayeendesha kutoka Mbagala hadi Posta kila asubuhi, katika foleni isiyoruhusu mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hununua nguvu ambayo hana pa kuitumia.

Liko pia suala la petroli. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa na kupashwa joto bila kulipuka yenyewe, yaani bila sehemu ya mchanganyiko kulipuka ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia, mlipuko ambao huzipiga pistoni kama nyundo. Magari ya turbo yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hupimwa na kurekebishwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani 100, wakati petroli ya vituo vingi vya Afrika Mashariki huwa kati ya 91 na 95. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani hujilinda, kwa sababu kihisio kilichofungwa kwenye injini huusikia mlipuko huo na kompyuta ya injini huchelewesha cheche, ingawa mwenye gari hulipa kwa kupungukiwa nguvu. Anayejigamba kwa namba ya farasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha Kijapani anajigamba, kwa kiasi fulani, kwa petroli asiyoitia.

Katika eneo hili mfano ulio karibu na watu ni Subaru, jina ambalo kwa Kijapani ni lile la kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia, na ndiyo maana nembo ya magari hayo ina nyota sita. Impreza WRX ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992, na kwa miaka mingi matoleo yake ya Kijapani, pamoja na Forester nyingi za turbo, yalitumia injini ya familia ya EJ20, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zilizolala chali, mbili kushoto na mbili kulia. Umaarufu wake nchini Kenya ulitiwa nguvu na mashindano ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Sifa hiyo ni ya kweli, ila huchukuliwa vibaya na wanunuzi, kwani gari la mashindano hufuatwa na kikosi cha mafundi ambao huifungua na kuikagua injini mara kwa mara, na uimara wake ni uimara wa kitu kinachohudumiwa bila kukoma, wala hauwezi kurithiwa na gari lililokaa miaka mitatu likibadilishiwa oili pale tu mwenyewe alipokumbuka.

Udhaifu wa injini hii unajulikana na hauna siri. Baadhi ya matoleo yana chujio dogo la wavu ndani ya boliti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo. Oili ikiachwa hadi igeuke tope, wavu huo huziba, utando ulioelezwa hapo juu hukatika, na turbo hufa kwa muda mfupi, wakati mwingine ikimwaga vipande vya chuma ndani ya oili inayorudi kwenye injini. Injini nyingi za aina hii hula oili kidogo hata zikiwa nzima, na dereva asiyechomoa kijiti cha kupimia kila wiki huweza kufikia kiwango ambapo, katika kona ndefu ya kasi, pampu hufyonza hewa badala ya oili na beringi za koniroda, yaani mikono inayounganisha pistoni na krankishafti, hukwanguka. Mlio unaofuata ndio ambao gereji zote huutambua, nao humaanisha kuifungua injini yote. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, hutakiwa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Mitsubishi Lancer Evolution, mshindani wa Impreza wa siku zote, katika matoleo yake ya zamani ina bloku ya chuma cha kalibu iliyo imara zaidi, ila vipuri vyake ni haba na haisamehi kuchelewa kwa mkanda pia. Oili bora inayobadilishwa kila kilomita 5,000, na kutozima injini mara tu baada ya kuikimbiza ili oili iliyo ndani ya turbo isiungue ikageuka masizi magumu, ndiyo dawa ya sehemu kubwa ya maradhi haya, nayo ni dawa ambayo mnunuzi hawezi kuinywesha injini kwa miaka iliyokwisha kupita.

Hapo ndipo suala la mabadiliko yanayofanyiwa gari baada ya kutoka kiwandani linapokuwa zito. Vijana wengi hupenda sauti ya kupumua inayosikika dereva anapoachia mafuta, na hufunga valvu inayotupa nje hewa iliyoshindiliwa. Valvu ya kiwandani ya Subaru huirudisha hewa hiyo kwenye njia ya kuingilia, kwa kuwa kipimo cha hewa kimekwisha kuihesabu. Ikitupwa nje, kompyuta huleta petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo, na mchanganyiko huwa na petroli kupita kiasi kwa muda huo. Kosa hilo ni dogo. Kosa kubwa ni kuongeza shinikizo la turbo bila kurekebisha petroli na cheche, jambo ambalo hulitia gari msisimko kwa miezi kadhaa na kisha huvunja pistoni, na mwenye gari mwenye busara ya kibiashara huliuza kabla ya mwezi wa mwisho. Gari lililorudishiwa vifaa vya kiwandani siku chache kabla ya kuuzwa si sawa na lile ambalo halikuguswa kamwe, na boliti zenye alama mpya za spana huweza kusema lile ambalo muuzaji hakulisema.

Sheria za uingizaji nazo huamua ni gari la aina gani linalopatikana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari ya mtumba yaliyozidi umri wa miaka 8, hivyo karibu turbo zote za zamani zinazouzwa huko zimekwisha kupita mikononi mwa wenyeji kadhaa, na karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha daraja la gari, kilomita zake na kama liliwahi kugongwa, huwa imepotea au imepitwa na miaka kumi ya matumizi yasiyoandikwa popote. Tanzania haijaweka katazo kama hilo, bali huongeza ushuru kadiri umri wa gari unavyozidi, na kwa kuwa ushuru wa bidhaa hupangwa pia kwa ujazo wa injini, EJ20 hubaki chini ya mpaka wa sentimita za ujazo 2,000 huku ndugu yake wa lita 2.5 akiuvuka. Gari linaloletwa moja kwa moja likiwa na karatasi yake, hata likiwa ghali zaidi, kwa maoni ya makala hii ni bora kuliko la bei nafuu lisilo na asili, mradi karatasi hiyo ithibitishwe na mtu asiyelipwa na muuzaji.

Gharama za kila mwezi ni rahisi kukadiria. Chukuliwe dereva anayekwenda kilomita 1,500 kwa mwezi: gari la lita 1.5 linalokwenda kilomita 13 kwa lita moja litatumia kama lita 115, na la turbo linalokwenda kilomita 8 litatumia kama lita 188, tofauti ya lita 73 kila mwezi kabla ya kununua hata plagi. Tairi nazo haziwezi kubadilishwa moja moja, kwa sababu gari huendeshwa na magurudumu yote manne, na tairi jipya lenye mzingo mkubwa kuliko mengine hulazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Bima kubwa kwa gari lenye umri ni ngumu kupatikana. Mnunuzi ambaye, baada ya kulipa, hatabaki na akiba inayotosha kuifanyia injini matengenezo makubwa, hajafikia uwezo wa kulimiliki gari hili hata kama amefikia uwezo wa kulinunua, na Forester isiyo na turbo ingemtumikia kwa amani zaidi.

Mwenye akiba hiyo anabakiwa na ukaguzi, ambao haufai kufanywa na fundi wa muuzaji. Fundi apime mbano wa kila silinda, kwani silinda nne zinapotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15 kuna ringi, pistoni au valvu iliyochoka. Achunguze moshi, ambao ukiwa wa buluu huashiria oili inayoungua. Avue bomba la kuingilia hewa na kuutikisa mhimili wa turbo kwa vidole, kwa kuwa mhimili unaogusa ganda umekwisha. Hata hivyo kipimo chenye thamani kuliko vyote hakina bei, nacho ni kuisikiliza injini ikiwashwa ingali baridi, kabla oili ya moto na vyuma vilivyotanuka havijaficha mgongano ulio ndani. Kwa sababu hiyo mnunuzi hupaswa kufika alfajiri, au bila kutangaza saa, na kuiweka mikono juu ya boneti kabla ya kupokea ufunguo. Muuzaji aliyeliacha gari likinguruma kwa dakika kumi kabla ya mgeni kufika, hata kama nia yake ilikuwa njema, amekwisha kuifuta sauti ambayo mgeni huyo alikuja kuisikiliza.