KITI NI CHOMBO CHA KAZI



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mishahara, likizo na wenzetu walioachishwa kazi bila notisi. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya kiti. Msicheke. Wapo waliocheka tulipolitia jambo hili katika orodha ya madai, na mmoja akatuuliza kama chama sasa kimekuwa duka la fanicha. Tulimwomba akalie fomu ya chumba cha kushona tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, halafu atupe maoni yake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha simama mara nne.

Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikaufuata umeme wake, watu wa Budondo wamekuwa wakiamka gizani kwenda Jinja kutafuta riziki. Ukitaja kazi ya kiwanda au ya shamba, watu humfikiria mtu aliyesimama, ana panga mkononi au gunia begani. Lakini hebu tuwahesabu wanaofanya kazi wakiwa wamekaa: washonaji, wakaguzi wa nguo, makarani wa mizani ya miwa, wanaoandika mishahara kwenye kompyuta, madereva wa trekta, askari wa getini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa juma kuwa kikomo cha kawaida. Mtu akifanya kazi majuma 48 katika mwaka, hizo ni saa 2,304 juu ya kiti kimoja. Kitanda chake tu ndicho kinachokishinda kiti hicho.

Sisi tulianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mama mmoja wa Budondo, mshonaji katika kiwanda ambacho hatutakitaja jina. Alikuwa anakalia fomu ya mbao isiyo na egemeo, tena ilikuwa fupi kuliko cherehani ilivyotaka, kwa hiyo alishona mabega yamepanda juu kama mtu anayesikia baridi. Alikunja kitenge akakiweka chini yake, msimamizi akamwambia akiondoe, kwani kinachafua chumba. Mwaka wa sita maumivu yakatoka kiunoni yakashuka mpaka wayo wa mguu wa kulia, mguu wa pedali. Mashati yake yakapungua hesabu. Ikaandikwa barua kwamba amekuwa mvivu, na mkataba ulipokwisha haukuandikwa tena.

Tulipokwenda kumdaia fidia tuliulizwa: aliumia siku gani, saa ngapi, mbele ya nani? Mtu akikatwa kidole na mashine, tarehe ipo na damu iko sakafuni. Mgongo hauna tarehe. Shauri lile tulilishindwa, na mpaka leo mama yule akitukuta sokoni anatusalimu kwa adabu, jambo ambalo linatuuma zaidi kuliko kama angetutukana.

Watu husema aliyekaa amepumzika. Si kila kukaa. Uti wa mgongo umepinda kidogo kuelekea ndani pale kiunoni, na kati ya pingili zake kuna vipande laini kama mito midogo. Ukikaa bila egemeo ukainama mbele, kiuno kinatoka nje kama upinde, na mito ile inabanwa mbele na kusukumwa nyuma, upande inakopita mishipa ya fahamu ya kwenda miguuni. Miaka ya 1960 daktari wa Uswidi aitwaye Alf Nachemson alipima kwa sindano mgandamizo ulio ndani ya mito hiyo katika watu walio hai. Aliona kwamba mtu aliyekaa huku ameinama mbele anaibana kuliko mtu aliyesimama wima. Kwa hiyo mshonaji anaposema jioni amechoka kumzidi mpakuzi wa magunia, msimwite mwongo.

Sasa inatupasa tutaje kosa letu wenyewe. Katika kiwanda kingine menejimenti ilikubali kununua viti, wakatuambia: haya, nyinyi wa chama chagueni. Akaja muuzaji na kitabu chake cha picha. Tulichagua vile vyeusi, vyenye mgongo mrefu, mikono miwili na magurudumu, sawasawa na cha meneja. Tulirudi nyumbani tunaimba. Baada ya juma moja washonaji walianza kutulalamikia. Mikono ya kiti iligonga ukingo wa meza, kwa hiyo mtu hakuweza kuisogelea kazi yake. Kila alipokanyaga pedali magurudumu yaliteleza nyuma juu ya saruji. Sponji nene ilizama, na ile ngozi ya plastiki iliwachoma kwa jasho kila adhuhuri. Haikupita miezi mingi, vingine vilikuwa stoo na vingine vimehamia ofisi za wasimamizi, ambako hakuna aliyevilalamikia. Tulichagua cheo, hatukuchagua kiti.

Tangu hapo tunaanza na mwili wa mtu na kazi yake, picha za muuzaji baadaye. Mkalishe mtu mwenyewe, amevaa viatu vyake vya kazi. Nyayo zote mbili zikanyage chini kabisa na mapaja yalale sawa. Akiwa mfupi na meza haishuki, mpandishe kiti kisha mpe kibao cha kuwekea miguu, lakini asiachwe kuning'inia, maana ukingo wa kiti utambana damu nyuma ya paja. Kati ya ukingo huo na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Egemeo liguse pale kiuno kinapoingia ndani. Likigusa mabega tu, mgongo wa chini hauna msaada. Viwiko viwe karibu sawa na mahali mikono inapofanyia kazi. Kama mabega yanapanda, kitu kimoja hakifai, kiti au meza.

Mshonaji hahitaji mikono ya kiti wala magurudumu. Anahitaji miguu imara, egemeo fupi, na sponji nyembamba ngumu iliyovikwa kitambaa cha kupitisha hewa. Karani wa kompyuta anaweza kupewa kiti cha kuzunguka, mradi kiwe na miguu mitano, kwa sababu cha minne hupinduka upesi. Trekta ni jambo la peke yake: kiti kiwe na springi nzima zinazorekebishwa kulingana na uzito wa dereva, maana mtikisiko wa shamba lote la miwa unaishia kiunoni mwake. Tumeona viti vya trekta vilivyofungwa kwa kamba ya katani.

Wala kisiwe lazima kiti cha ng'ambo. Seremala wa kwetu akipewa vipimo atatengeneza kiti cha mshonaji kizuri, na egemeo la kupandishwa na kushushwa kwa boliti mbili. Usimwambie tu "nitengenezee kiti".

Lakini hata kiti bora hakimtoshi mtu asiyeruhusiwa kukiacha. Kila nusu saa mwili unataka kusimama na kujinyoosha, japo dakika moja au mbili. Anayelipwa kwa idadi ya mashati anaiogopa dakika hiyo. Kwa hiyo tunadai vyote viwili pamoja, kiti na mapumziko mafupi yasiyokatwa katika malipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na mgongo ni sehemu ya afya. Wakata miwa nao wametuambia hawakai kabisa. Tumeandika benchi na kivuli kwa saa ya mapumziko.

Kabla ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja, kila mwakilishi atuletee karatasi ya watu wa sehemu yake. Aandike urefu kutoka sakafu hadi nyuma ya goti, kutoka kiti hadi kiwiko, na urefu wa meza. Aandike pia nani anaumwa mgongo, na tangu mwezi gani. Tepu ya fundi cherehani inatosha, na asiyekuwa nayo aje ofisini Jumamosi, tunazo tatu.