Kikapu cha samaki na hesabu ya kirusi

Wavuvi wa Mwanza wa miaka ya 1980 hawakuhitaji kuhesabu samaki wote wa Ziwa Victoria ndipo wajue kwamba sangara ameshika ziwa. Nyavu ziliwaambia. Awali furu walijaa na sangara alikuwa wa kubahatisha. Baada ya misimu michache mambo yakageuka. Hesabu ya kasi ya aina mpya za virusi huanzia hapo hapo, kwenye mgawanyo wa kilichomo kikapuni. (Sangara alimla furu, ilhali virusi havilani, vinagombea miili yetu tu. Mfano wangu ukomee hapo.)

Chukua sampuli 100 za wagonjwa: 10 wana aina mpya, 90 ya zamani. Uwiano ni 1 kwa 9. Ukiongezeka maradufu kila wiki, baada ya wiki nne utakuwa 16 kwa 9, yaani wagonjwa 64 katika kila 100. Utamu wa uwiano ni kwamba hauhitaji kila mgonjwa apimwe. Hata tukipima mmoja kati ya hamsini, alimradi aina zote mbili zina nafasi sawa ya kunaswa, jibu halibadiliki. Kinachoharibu ni kuhamahama: wiki hii sampuli za wodini katika hospitali ya Bugando, wiki ijayo za abiria wa uwanja wa ndege.

Hatua inayofuata ndiyo inayowatelezesha wengi, wakiwemo waandishi wa habari. Maradufu kwa wiki si lazima iwe na maana kwamba kila mgonjwa anaambukiza watu maradufu. Inategemea siku zinazopita tangu mtu aambukizwe hadi naye amwambukize mwingine. Zikiwa 7, ndiyo, ni maradufu. Zikiwa tatu na nusu, wiki moja inabeba mizunguko miwili ya maambukizi, na kila mzunguko unahitaji mara 1.4 tu. Tena namba hiyo haitenganishi kirusi chepesi kuambukiza na kirusi kinachokwepa kinga ya waliougua au kuchanjwa. Mwishoni mwa 2021, katika janga la UVIKO-19, aina ya Omicron iliishinda ya Delta kwa kiasi kikubwa kwa njia hii ya pili.

Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa Angola, wakakutwa na aina iliyokuja kuitwa A.30, yenye mabadiliko mengi mno kwenye protini ya mwiba. Hofu ilitanda. Huku nyumbani takwimu rasmi zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 tangu Mei 2020, kwa hiyo hapakuwa na kikapu cha kulinganishia. Sampuli tatu za siku chache hazitoi mwelekeo, na kuhesabu mabadiliko ya vinasaba ni kutazama meno ya samaki bila kujua anazaana kwa kasi gani. A.30 haikuvuma, miezi michache baadaye haikuonekana tena. Kuyajua hayo mapema kungehitaji kikapu kingine wiki iliyofuata, kutoka mwalo ule ule.