Mkwaruzo wa Roki ya Zamani Hauhitaji Pedali ya Bei Kubwa

Mpiga gitaa wa Tukuyu anayependa roki ya zamani hana haja ya kutazama Ulaya peke yake. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia ya miaka ya 1970 ilizaa Zamrock, muziki wa bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family, ambao solo zake zilijaa mkwaruzo mnene. Anayeitamani sauti hiyo leo huambiwa atafute pedali ya jina kubwa, na bei yake humkatisha tamaa. Ushauri huo si sahihi. Pedali ya bei nafuu inatosha, ilimradi mnunuzi aangalie mambo mawili: namna inavyokwaruza, na spika itakayoitoa sauti.

Historia yenyewe inathibitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio moja ya Nashville, Marekani, hitilafu ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) iliifanya besi ya Grady Martin ikwaruze katika wimbo wa Marty Robbins. Fundi mitambo Glenn Snoddy akatengeneza saketi ya kuiga hitilafu hiyo, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alipata mkwaruzo wake kwa kuichana kwa wembe spika ya amplifaya ndogo. Hadi leo kazi ya pedali ni ile ile: transista au dayodi chache hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Vipuri hivyo ni vya bei ndogo, ndiyo maana saketi za zamani hunakiliwa kwa urahisi.

Tofauti iko katika ukataji. Fuzz hukata sana, na ndiyo iliyo karibu zaidi na Zamrock. Mwenye fedha kidogo achague ya silikoni, kwa kuwa transista za gerimani huyumba joto linapobadilika. Ovadraivu, kama Tube Screamer ya mwaka 1979, hukata kwa ulaini. Distosheni, kama Boss DS-1 ya mwaka 1978, hukata kwa ukali zaidi. Kwa anayenunua moja tu, na ambaye hupiga pia kwaya kanisani, naipendekeza distosheni yenye kidhibiti cha toni. Sababu ni kwamba gitaa la kwaya mara nyingi huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa. Spika ya gitaa hupunguza sauti kali za juu, lakini spika kubwa za ukumbini huzitoa zote, na mkwaruzo ukavuma kama nyuki. Toni ikishushwa, au maiki ikiwekwa mbele ya amplifaya ndogo, kero hiyo hupungua sana.

Wapo watakaosema kwamba cha bei rahisi huharibika upesi. Ni kweli kwa makasha ya plastiki na swichi dhaifu, basi chagua kasha la chuma. Waya ukiachia, fundi wa redio anaweza kuulehemu. Wengine watasema programu ya simu inatosha. Inafaa kwa mazoezi, ila jukwaani sauti huweza kuchelewa. Kabla ya kulipa, hakikisha adapta ni ya volti 9 na ncha zake zinalingana na pedali, kisha ijaribu kwa gitaa lako na kwenye spika utakayoitumia. Fedha itakayobaki, nunulia amplifaya ndogo.