Msaidizi wa Miwani Kijijini: Tumchague Nani?

Mchele una mawe. Kila mama wa Namawala analijua jambo hilo. Kabla ya kuupika huumwaga kwenye ungo, huupepeta, kisha huuchambua kwa vidole. Akiwa kijana anaviona vijiwe vyote. Akifika miaka 40 au 45, mambo hubadilika. Anausogeza ungo mbali na macho. Anakwenda nao mlangoni penye mwanga. Mwisho anamwita binti yake amsaidie.

Si mchele tu. Mzee anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Fundi wa cherehani anapindisha mshono. Mkulima anapalilia mpunga, anang'oa mche na kuliacha gugu. Mgonjwa hawezi kusoma maandishi ya kopo la dawa.

Wako pia wale waliojifunza kusoma wakati wa kampeni za kisomo za miaka ya 1970. Leo hao ni wazee. Mtu kama huyo akishika gazeti na kuona herufi zimekuwa ukungu, anaweza kudhani amesahau kusoma. Hakusahau. Ni macho yake tu yasiyoona vizuri vitu vya karibu.

SI ULOZI, NI UMRI

Ndani ya jicho mna lenzi. Kwa kijana lenzi hiyo ni laini. Akitazama kitu cha karibu, lenzi hunenepa kidogo ili akione vizuri. Kadiri miaka inavyokwenda, lenzi hukakamaa. Haiwezi tena kunenepa vya kutosha. Jambo hili humpata kila mtu, mweusi na mweupe, tajiri na maskini. Hakuna aliyemloga.

Wataalamu walipima watu wa vijijini huko Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2006. Katika kila watu 10 wenye miaka 40 na zaidi, 6 hivi walikuwa na tatizo hili. Wengi wao hawakuwa na miwani. Walipoulizwa ni kazi gani zinawashinda, walitaja kupepeta nafaka, kuchambua mchele, kupalilia, kushona, kupika, kuvisha watoto na kuwasha taa.

Tiba yake ni miwani ya kusomea. Miwani hiyo huleta faida hata mfukoni. Katika vijiji vya Bangladesh watafiti waliwagawa watu 824 katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani mara moja. Kundi la pili lilingoja. Baada ya miezi 8, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimezidi cha wenzao kwa kiasi cha theluthi moja. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2024.

KWA NINI ATAKIWE MSAIDIZI

Mtaalamu wa macho hawezi kukaa kila kijiji. Akifungua duka la miwani mjini Ifakara, watu wa Namawala watamfuata kwa nauli. Wakati wa masika maji hujaa bondeni na barabara huharibika. Wakati wa kilimo watu wengi huhamia mashambani. Hukaa kwenye vibanda vyao, na wengine hukaa juu ya dungu wakifukuza ndege. Ni nani atakayeacha mpunga kwa ndege ili aende mjini kupima macho?

Kwa hiyo mwenye duka anahitaji mtu wa kumsaidia vijijini. Mtu huyo atapima macho kwa njia rahisi, atauza miwani ya kusomea, na atawapeleka wagonjwa kwa wataalamu. Lakini akichaguliwa vibaya ataleta hasara. Hasara yenyewe si ya fedha tu. Ni ya macho ya watu.

BONDE LETU LIMEKWISHA KUONA MFANO

Jambo la kumtumia mwanakijiji katika kazi ya afya si geni kwa watu wa Kilombero na Ulanga. Mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa katika wilaya hizo kwa mpango uliofanyika na watafiti wa Ifakara. Viliitwa Zuia Mbu. Havikuuzwa na wageni. Vijijini waliwekwa mawakala, kama vile wenye maduka, viongozi na watumishi wa afya. Watafiti walipima matokeo. Mwaka 2001 walieleza kwamba nafasi ya kuishi ya watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua hivyo iliongezeka kwa asilimia 27.

Mfano wa pili uko kwenye milima ya Mahenge. Huko kuna ugonjwa wa usubi, ambao huweza kupofusha macho. Dawa yake hugawiwa bure. Wagawaji ni wanakijiji waliochaguliwa na wenzao. Hawakusoma udaktari. Wanapewa mafunzo mafupi na fimbo yenye alama. Mtu anasimama kando ya fimbo, na urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge atakavyomeza. 

Tunajifunza nini? Mtu wa kawaida anaweza kufanya kazi ya afya vizuri kama kazi hiyo ina kipimo kilicho wazi, na kama anajua mpaka wake uko wapi.

SIFA ZA MTU ANAYEFAA

Kwanza, awe mkaaji. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kujifunza upesi. Lakini akipata nafasi mjini ataondoka, na mafunzo yote yataondoka naye. Mama wa miaka 40 mwenye shamba na watoto hapo hapo ana sababu ya kubaki. Tena yeye mwenyewe anavaa miwani. Mteja akisema, "Mchele siuoni," anaelewa.

Pili, ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Atajaza daftari la wateja, atahesabu miwani na fedha. Haitakiwi elimu ya juu. Unatakiwa mwandiko unaosomeka na hesabu zisizopotea.

Tatu, awe na usafi na subira. Atakaribia nyuso za watu. Ni lazima anawe mikono kabla ya kila mtu. Wazee husahau, husikia kwa shida, na hutaka kuelezwa mara mbili. Mtu mwenye hasira hafai.

Nne, na hii ndiyo kubwa, aweze kusema, "Sijui. Nenda hospitali." Mtu anayeona haya kusema hivyo ni wa hatari.

MJARIBUNI KABLA YA KUMWAJIRI

Usimchague mtu kwa sababu ni shemeji yako, au kwa sababu ni mwanao na hana kazi. Itangaze kazi kwenye mkutano wa kijiji. Waulize viongozi na mtumishi wa zahanati. Kisha waite watu watatu au wanne, na uwape majaribio haya.

Mpe kila mmoja ukurasa wa gazeti ausome kwa sauti. Mpe hesabu: miwani 20 imekuja, 13 imeuzwa, ngapi imebaki, na fedha ni kiasi gani? Mwonyeshe mara moja jinsi ya kupima macho kwa chati. Halafu mwombe ampime mzee mmoja mbele yako. Utazame. Je, alimsalimu? Alinawa mikono? Alipima jicho moja moja, au alisahau?

Mwisho mwulize swali hili: "Mteja ana fedha mkononi. Anataka miwani. Lakini jicho lake moja ni jekundu na linauma. Utafanya nini?" Akijibu kwamba atamwuzia miwani, mshukuru na umwage. Akijibu kwamba atamnyima miwani na kumwandikia karatasi ya kwenda hospitali, huyo ni mtu wako.

KAZI YAKE HATUA KWA HATUA

1. Amwulize mteja umri wake, kazi yake, na shida ya macho ilianza lini.

2. Ampime kuona mbali. Atumie chati yenye alama ya E, iliyotundikwa penye mwanga. Mteja asimame umbali ulioandikwa kwenye chati, afunike jicho moja, kisha la pili. Asiyejua kusoma anaonyesha kwa vidole vidole vya E vinaelekea wapi.

3. Kama jicho lolote halioni mbali vizuri, asimuuzie miwani ya kusomea. Amwandikie karatasi ya kwenda kwa mtaalamu.

4. Kama anaona mbali vizuri na umri wake ni miaka 40 au zaidi, ampime kuona karibu. Umbali ni sentimita 40. Kamba yenye fundo inatosha kuupima.

5. Aanze na miwani yenye nguvu ndogo, kama +1.00, apande polepole. Asimamie ile ya kwanza inayomwezesha mteja kuona vizuri. Kisha ampe sindano na uzi, au mchele kwenye ungo, ajaribu.

6. Amweleze kwamba miwani hiyo ni ya vitu vya karibu tu. Akitembea au akipanda baiskeli aivue, kwa sababu mbali kutakuwa na ukungu.

MPAKA USIOVUKWA

Yako mambo ambayo msaidizi haruhusiwi kuyatibu. Akiyaona ni lazima ampeleke mtu kwenye zahanati au hospitali upesi: jicho lenye maumivu, jicho jekundu, jicho lililochomwa na jani la mpunga, mwiba au chuma, macho yaliyoacha kuona ghafula, na mboni yenye weupe. Kwa mtu mzima weupe huo mara nyingi ni mtoto wa jicho. Unaondolewa kwa upasuaji, wala hakuna miwani ya kuuondoa. Kwa mtoto mdogo weupe huo ni jambo la haraka zaidi, maana unaweza kuwa hata saratani. Mtoto yeyote mwenye shida ya macho apelekwe kwa mtaalamu.

Msaidizi asiuze dawa ya matone. Baadhi ya dawa hizo hutuliza wekundu lakini huharibu jicho zikitumiwa bila daktari. Wala asishauri maji ya majani. Mwaka 1987 madaktari waliochunguza watoto wenye vidonda vya macho hapa Tanzania walikuta sababu kubwa ni surua, upungufu wa vitamini A, na pia dawa za kienyeji zilizotiwa machoni.

MSHAHARA: HAPA NDIPO PENYE MTEGO

Wenye maduka wengi hupenda kumlipa msaidizi kwa kila miwani anayouza. Wanaona ni njia rahisi. Akiuza nyingi anapata nyingi. Katika kuuza sabuni njia hiyo haina neno. Katika macho ni mtego.

Tuchukue mfano. Mzee anakuja na haoni vizuri. Kwa kweli ana presha ya macho, ugonjwa unaokula nuru kidogo kidogo bila maumivu. Nuru iliyopotea kwa ugonjwa huo hairudi. Akiandikiwa karatasi ya hospitali, msaidizi hapati kitu. Akiuziwa miwani, msaidizi anapata fedha. Je, msaidizi mwenye njaa atafanya lipi? Mzee ataondoka na miwani, atangoja mwaka mmoja akitumaini, na mwisho atakuwa kipofu.

Kwa hiyo mlipe mshahara wa mwezi. Kama unataka kumpa nyongeza, mpe kwa daftari safi na kwa wagonjwa aliowaandikia karatasi wakafika hospitali kweli. Hivyo tamaa yake itavuta upande mmoja na afya ya wateja.

Kumbuka pia majira. Baada ya mavuno watu wana fedha, na miwani hununuliwa. Wakati wa kupanda fedha hakuna. Usimfukuze msaidizi kila fedha zinapokwisha kijijini. Weka akiba ya miezi mizuri ili imlipe katika miezi mibaya.

Mwandikie mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara gani. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Biashara yenyewe ya miwani nayo ina sheria yake, ya mwaka 2007, na kuna Baraza la Optometria linaloisimamia. Msaidizi hafanyi kazi peke yake, wala hajiiti daktari. Anafanya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Kabla ya kuanza, mwone Mganga Mkuu wa wilaya umweleze mpango wako.

MSIMAMIE, USIMWACHE

Mafunzo ya kwanza hayatoshi. Kila mwezi mtaalamu alikague daftari. Kama watu 30 wamepimwa na wote 30 wameuziwa miwani, kuna kasoro. Haiwezekani kijiji kizima kisiwe na hata mmoja wa kupelekwa hospitali. Mtaalamu achague wateja wachache, awatembelee nyumbani, awapime upya.

Nanyi wananchi mna kazi. Msaidizi akikuambia, "Sikuuzii miwani, nenda hospitali," usimkasirikie. Amekataa fedha yako ili aokoe jicho lako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni watu gani wanaoshindwa na kazi kwa sababu ya kutoona karibu?

2. Mkiambiwa mchague msaidizi mmoja wa macho, mtamchagua nani, na kwa sababu gani?

3. Kwa nini si vizuri kumlipa msaidizi kwa kila miwani anayouza?

4. Mgonjwa akiandikiwa karatasi ya hospitali lakini hana nauli, kijiji kifanye nini?