Uvamizi ulivyoacha kiu juu ya uwanda wa Makonde

Katika michezo ya kompyuta inayopendwa na vijana wa mijini, sayari huvamiwa na majeshi kutoka anga za mbali, na mchezaji akishindwa huanza upya. Mmoja wa michezo iliyoeneza mtindo huo, Space Invaders, ulitengenezwa nchini Japani mwaka 1978. Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, nazo zimevamiwa mara nyingi, lakini huko hapakuwa na nafasi ya kuanza upya. Athari zake zilidumu kwa vizazi, hata katika suala la maji.

Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipita kusini ikielekea pwani, na vikundi vya wavamizi vilisaka mateka vijijini. Uwanda wa Makonde, wenye vichaka vizito na kingo zenye miteremko mikali, ulikuwa ngome ya asili. Wengi walipanda juu wakajenga makazi yao humo, mahali ambapo adui alipata taabu kufika.

Usalama huo, hata hivyo, ulikuwa na gharama yake. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga, na maji ya mvua huzama upesi hadi chini sana. Chemchemi hupatikana mabondeni, kwenye miguu ya miteremko. Kwa sababu hiyo wanawake walilazimika kushuka na kupanda kwa saa nyingi wakiwa na vyombo kichwani. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliishuhudia taabu hiyo.

Waliobaki tambarare walikutana na hatari nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaweka Masasi watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar. Mwezi Septemba 1882, Wangoni waliojulikana kwa majirani zao kama Wamagwangwara walikivamia kijiji hicho. Baadhi ya watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka. Ni jambo la kusikitisha kwamba waliokwisha kuonja uhuru walirudishwa tena katika utumwa. Wamisionari, akiwamo Chauncy Maples, walihamishia makao yao Newala, kwa mtawala Matola, na Masasi ikafufuliwa baadaye.

Aidha, mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto wakati wa Vita vya Maji Maji. Safari hii waliopigana hawakuwa wageni wenye tamaa ya mateka, bali wananchi waliokuwa wakipinga utawala wa Kijerumani, ambao wenyewe ulikuwa uvamizi.

Miaka 11 baadaye uwanda huo uligeuka uwanja wa vita vya wakubwa. Mwaka 1916 majeshi ya Ureno yalivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na kuitwaa Newala mwezi Oktoba, lakini Wajerumani waliyafukuza mwezi uliofuata. Mwezi Novemba 1917 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, akisukumwa na majeshi ya Uingereza, alipita hapo na kuingia Msumbiji. Kwa wanakijiji, kila jeshi lilikuwa na madai yaleyale: chakula na wapagazi. Wapagazi wengi wa vita hivyo hawakurudi makwao.

Vita vilikwisha, lakini makazi yalibaki juu na maji yakabaki chini. Tangu miaka ya 1950 serikali ziliendesha miradi ya kusukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni, na kuanzia miaka ya 1970 Finland ilifadhili miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Kazi hiyo ni ghali, kwani maji hupandishwa mamia ya meta, na pampu ikiharibika au mafuta yakikosekana, ndoo hurejea kichwani.

Ndiyo maana anayejiuliza kwa nini watu waliishi mbali na maji hana budi kuanza na historia: mababu walikuwa wakichagua kati ya kiu na minyororo.