Mvua na Joto Mchukwi: Mwezi kwa Mwezi



Mkulima wa Mchukwi akiulizwa habari za mvua, hujibu kuwa ni nyingi au ni haba. Jibu hilo halitoshi. Kwa korosho, ufuta na mpunga, wingi wa mvua kwa mwaka si hoja kuu; hoja ni mwezi inaponyesha.

Mvua zetu hufuata jua. Ukanda wa mawingu huvuka pwani ukielekea kusini mwishoni mwa mwaka, nasi tukapata vuli. Kisha hurejea kaskazini kati ya Machi na Mei, tukapata masika. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Januari na Februari mvua hupungua bila kukatika kabisa, kwani tumepakana na kusini, ambako misimu hiyo miwili huungana.

Juni hadi Agosti ni kipupwe, na upepo wa kusi huvuma. Mchana wa Januari joto hupita nyuzi 30, lakini usiku wa Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Ukavu huo humfaa mwenye ufuta. Mwenye mikorosho, kinyume chake, sharti awe macho: ubaridi na umande hustawisha ubwiriunga, ambao hukausha maua. Ndiyo sababu salfa hupulizwa wakati huo, alfajiri kabla upepo haujaanza.

Kuanzia Oktoba korosho huanguka. Vuli ikiwahi, huloa chini ya mti. Zikiingizwa ghalani zikiwa mbichi huvunda, na daraja hushuka. Hasara hiyo humfika kila mwanachama mnadani. Basi ziokotwe kila siku na zianikwe vizuri.

Walimao bondeni wasitazame wingu la hapa peke yake. Maji ya Rufiji hutoka mbali, katika mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti.

Kwa hiyo inashauriwa kila chama kiwe na kipimamvua mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Katibu akisome kila siku saa 3 asubuhi, aandike daftarini, na ajumlishe kila mwisho wa mwezi. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Miaka michache ikipita, mkutano wa wanachama utapanga kupanda, kupuliza salfa na kukusanya mazao kwa kumbukumbu zake wenyewe.