Nyerere, dini na chumba cha majembe

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana hapa Mabela, mjukuu wangu aliniuliza swali nikaweka chini kikombe cha kahawa. "Babu, mama anasema Tanzania serikali haina dini. Sasa wakubwa wao hawasali?"

Simlaumu. Kazaliwa Muscat, anasoma Muscat. Hapa sheria ya msingi ya nchi inasema wazi kuwa dini ya dola ni Uislamu, na Wakristo nao wana makanisa yao Ruwi, kwenye ardhi waliyopewa na Sultan Qaboos, Mungu amrehemu. Kwake yeye, serikali isiyo na dini ni kama nyumba isiyo na mwenyewe.

Nikamwambia kwamba Julius Nyerere, aliyelishikilia neno hilo, alikuwa mtu wa ibada kwelikweli. Alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21, na hata alipokuwa rais misa ya asubuhi hakuiacha. Uzeeni alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili, mtindo ambao washairi wetu Waislamu wa pwani ndio walioulea. Yeye alikuwa akisema dini ni za watu, serikali ni ya wote. Na mwaka 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York, hakuwaambia wakae kimya kanisani. Aliwataka wasimame na maskini hata kama wakubwa watachukia.

Tena alikuwa na sababu. Alipokuwa mwalimu wa shule ya mapadri pale Pugu, waliompokea Dar es Salaam na kumshika mkono katika siasa walikuwa wengi Waislamu: Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed, Sheikh Hassan bin Amir. TANU ilipoundwa mwaka 1954, kama ingejiita chama cha dini fulani, ingekuwa ya nani?

Najua katika baraza zetu jina la Nyerere halitajwi kwa mapenzi. Wengi wametoka Unguja baada ya 1964, na mtu aliyezika ndugu zake hana haja ya somo kutoka kwangu. Mimi lakini ni mtoto wa Tabora, na nina deni ambalo lazima nilisimulie.

Ami yangu alikuwa na akili kuliko sisi sote, wallahi. Alihitimu chuoni, akasoma madarasa machache ya skuli, akaishia dukani kupima sukari. Sekondari ya karibu ilikuwa ya misheni, na babu yangu alisema mtoto wake hatakwenda kubatizwa. Hofu ile ilikuwa katika nyumba nyingi za Waislamu wa bara, ndiyo maana siku ya uhuru, mwaka 1961, Wakristo ndio waliokuwa wengi miongoni mwa wenye vyeti. Nyerere aliijua hesabu hiyo. Karo ya sekondari ilifutwa mwaka 1964, na kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ikazichukua shule za misheni, mtoto akawa haulizwi dini yake mlangoni. Makanisa hayakufurahi, naye mwenyewe ni Mkatoliki! Mwaka 1973 nikaingia kidato cha kwanza katika shule hizo hizo alizozikataa babu. Msalaba ulikuwa bado ukutani, padri bado anatufundisha hesabu, ila mwajiri wake sasa serikali.

Hapo mjukuu akadhani nimemaliza. Bado.

Mwaka 1968, kabla ya sheria ile, serikali hiyo hiyo isiyo na dini iliipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1945 na iliyojenga shule na misikiti. Nafasi yake ikachukuliwa na BAKWATA, na watu wakaona wazi mkono wa serikali ndani yake. Sheikh Hassan bin Amir, yule yule aliyempokea, alikamatwa akarudishwa Unguja. Ndani ya EAMWS mlikuwa na ugomvi, sikatai. Lakini ugomvi wa Waislamu ulikuwa wa Waislamu kuumaliza. Maaskofu hawakuundiwa baraza. Na shule zilipochukuliwa, seminari za kanisa ziliachwa. Mambo haya wazee wetu Tabora waliyazungumza kwa sauti ya chini, na hawakuwa wakizua.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maneno mazuri hasa. Lakini haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, miaka 16 baada ya EAMWS kufungwa, na mwaka mmoja kabla ya Mwalimu kung'atuka.

Mambo ya OIC ya 1993 sitaki kuyarefusha. Zanzibar ilijiunga, kelele zikapigwa, ikajitoa mwaka huo huo. Hoja kwamba mambo ya nje ni ya Muungano ilikuwa ya kisheria na naielewa. Ile ya kwamba nchi isiyo na dini haifai kuwemo, sijaielewa mpaka leo: Uganda ya Wakristo wengi imo tangu 1974, na Msumbiji iliingia 1994.

Mjukuu alisikiliza, sijui kiasi gani, simu iko mkononi. Kisha akauliza: "Na nyinyi mlisali wapi, shule ya mapadri?"

Nikamwambia nyuma ya jiko palikuwa na chumba cha kuwekea majembe, maana wakati ule kila shule ilikuwa na shamba lake. Tulipomwendea yule padri wa hesabu, tulikuwa wanafunzi tisa. Alitusikiliza, akavuta mtoto wa meza, akatupa ufunguo. Majembe tukayasogeza upande mmoja, tukatandika mikeka.